Gari Jeusi la Hadji na Mlima wa Bururi

Mmoja wenu amepewa kazi ya kuendesha gari la kifahari hapa Rumonge, kando ya ziwa, na nimeona mlivyomshangilia pale parkingi. Jioni alikuja kwangu, akakaa kwenye ngazi, akaniuliza, "Papa Sefu, wewe uliendesha lile jeusi la Hadji. Lilikuwa gari zuri?" Nikamwambia lilikuwa zuri sana. Akasema, "Murakoze, papa," akaenda zake akipiga mluzi. Tangu hapo sina raha. Sikumdanganya, ila nilimpa nusu ya jibu. Nusu iliyobaki naiandika hapa, kwa ajili yake na kwa ajili yenu nyote mnaoosha magari na kusubiri safari.

Nisiwazungushe. Katika habari hii kuna mtu anayekufa. Ni Mama Rehema, mke wa Hadji, tajiri wangu aliyekuwa akifanya biashara ya mawese. Niliendesha magari ya nyumba ile tangu nywele zangu zikiwa nyeusi: kwanza malori ya mapipa, kisha pikapu, na mwishoni gari hilo jeusi. Mnaposoma sifa zake hapa chini, msisahau kwamba ni mimi niliyekuwa nimeshika usukani.

Lilikuwa gari la ukubwa wa kati. Si yale marefu yanayobeba wakubwa na walinzi wao, wala si vile vigari vya mjini vilivyoinuliwa kidogo ili vionekane vya porini. Hadji alilinunua likiwa limeshatumika Ulaya. Siku lilipofika, nusu ya mtaa ilikuja kujitazama kwenye rangi yake. Mama Rehema alifungua mlango wa nyuma, akaingiza mkono tu, hewa baridi ikampiga.

"Eh, Sefu! Humu ndani munalaza watu ao samaki?"

"Watu, mama."

"Basi hii ni friji. Hadji amenunua friji yenye magurudumu."

Jina likabaki. Mpaka leo wako watu wanaoliita Friji ya Hadji.

Nianze na uzuri wake, maana lilikuwa nao. Kwanza utulivu. Ukifunga vioo, unasikia saa ya mkononi ikitembea. Pikapu ilikuwa inakupigia kelele mpaka ukifika Bujumbura unaongea kwa sauti ya mnadani. Pili breki. Kwenye ule mteremko wa Magara, ambako mbuzi na watoto hutoka popote, nililisimamisha mara nyingi bila abiria kumwaga chai. Tatu nguvu: ukigusa tu, linapanda, na magurudumu yote manne yanavuta, hata kwenye tope jekundu la mvua. Viti vilikuwa vya ngozi, vya nyuma vinalala, na mwenye mgongo mbovu alishuka akiwa mzima. Hayo msiache mtu awaambie ni anasa tupu. Mgonjwa au mzee anayajua.

Lilikuwa na mifuko ya hewa badala ya springi. Unabonyeza kitufe, gari linainuka kama ngamia anayesimama. Kipindi ziwa lilipojaa na kula barabara karibu na Magara, magari yalipanga foleni, wenye teksi wakipiga honi na kutukana maji. Mimi nikabonyeza kitufe, nikalipandisha, nikapita polepole maji yakigusa milango. Wavuvi waliokuwa wakitandaza nyavu wakapiga makofi. Mmoja akapaza sauti, "Papa, hiyo ni gari ao mutumbwi?" Nikampungia mkono kama rais. Nawaambieni, makofi yale yalinidhuru. Niliyachukua yaliyokuwa ya gari nikayafanya yangu.

Na ubaya? Ubaya wake ulikuwa wa aina ambayo hujui mpaka umefika mbali. Matairi yalikuwa na ubavu mwembamba. Shimo moja lililofichwa na dimbwi linatosha, na gurudumu la akiba ni dogo, la kukupeleka polepole tu kwa fundi. Ile mifuko ya hewa nayo ina siku zake. Siku moja Hadji alikuwa na wageni kutoka Bujumbura, wote wamesimama nje wakilisifia. Gari likatoa pumzi ndefu, likashuka upande mmoja, likalala kama ng'ombe aliyechoka. Wageni wakarudi nyuma. Mama Rehema alitoka mlangoni, akasema, "Muliache, lina swali lake la kufikiri." Watu wakacheka mpaka Hadji naye akacheka.

Ngozi nyeusi kwenye jua la Rumonge inaunguza mapaja. Ufunguo wake ukiisha betri, unasimama mbele ya gari lako kama mwizi. Na usibebe ndagala. Tulipita Gitaza siku moja, Mama Rehema akanunua ndagala wakavu wa mtego wa usiku, mfuko mzima, nikauweka nyuma. Ile mashine ya baridi ilichukua harufu ikaitawanya kila pembe. Miezi baadaye, mtu akiwasha baridi, ziwa zima lilikuwa linaingia ndani ya gari. Hadji aliziba pua, akamwangalia mkewe.

"Si uliniambia ni friji?" akasema.

"Ni friji. Sasa unashangaa nini ikinuka samaki?"

Lakini ubaya mkubwa wa gari lile ni kwamba linaficha. Pikapu ya zamani hulalamika wiki nzima kabla ya kufa: inakohoa, inatoa moshi, inatetemeka ukisimama. Unaisikia miguuni. Gari la kifahari limetengenezwa lisikusumbue. Linavumilia kimya, kompyuta inasawazisha hapa na pale, halafu ghafla linawasha taa ya manjano na kukataa. Huduma zake zote zilifanyika Bujumbura, kwenye garaji yenye valizi, ile mashine ndogo inayochomekwa na kusoma makosa ya gari. Mimi nilikuwa nikipeleka, nakaa kwenye benchi, nakunywa soda, narudi. Kwa aibu nasema hili: nilijua kila kitufe cha gari lile, nikajua hata namna ya kuwasha taa za miguuni, lakini sikuwahi kulala chini yake kuona mazutu, yaani dizeli, inapita wapi.

Na mimi nilifundishwa mazutu. Aliyenifundisha ni Mzee Kalonda, fundi aliyevuka ziwa kutoka Kalemie akiwa kijana, mtu mfupi mwenye masikio makubwa, aliyetukana injini kwa Kifaransa na kuzibembeleza kwa Kiswahili. Kwake mazutu ilisomwa kwa vidole. Unaisugua, unainusa, unadondosha tone kwenye karatasi na kuangalia duara lake likitanuka. "Sefu," alikuwa akisema, "mazutu mbaya iko kama muchumba mbaya. Siku ya kwanza inakuchekea."

Miaka ya embargo, nchi jirani zilipotuwekea vikwazo na mazutu ikakosekana nchi nzima, Kalonda ndiye aliyetufundisha kuchanganya na mawese. Sisi wa Rumonge tulikuwa tunaogelea katika mawese, tungeshindwaje? Tulichukua yale ya juu, mekundu na mepesi, yaliyokwisha kutulia, tukayapasha moto, tukayachuja kwa kitambaa cha pamba, tukayamimina ndani ya mazutu. Lori lilitembea. Lilinuka kama jikoni, lakini lilitembea kutoka hapa mpaka Nyanza-Lac bila shida, kwa sababu huku ziwani kuna joto na mawese yanabaki maji. Tabu ilikuwa kupanda. Mlimani kuna baridi, na mnajua mawese yakipata baridi yanafanya nini: yanaganda kama uji uliosahauliwa. Yanaziba chujio la mazutu, injini inakufa njaa tangi likiwa limejaa.

Kwa hiyo dereva wa embargo aliyekuwa akipanda Bururi alibeba thermos ya maji ya moto, na haikuwa ya chai. Injini ikianza kukatakata, unasimama, unafungua boneti, unamwagia chujio maji ya moto, unapampu kwa mkono kile kitufe cha juu mpaka kiwe kigumu, unawasha, unaendelea. Nilifanya hivyo mara nyingi. Tulikuwa tukijisifia. Kuna wenzangu walioingia kaburini wakijisifia kazi hiyo.

Sasa nije kwenye harusi ya Kigwena.

Mpwa wangu alikuwa anaolewa. Hadji alikuwa amesafiri, na mimi nilikuwa na ufunguo. Mazutu ilikuwa imeanza tena kuwa adimu. Vituoni magari yalilala kwenye foleni, na sisi tulikuwa tumejaza tangi la lile jeusi mapema na kulitunza kwa dharura. Hadji alikuwa amesema wazi, "Hiyo ni ya shida, Sefu." Nikajiambia Kigwena si mbali. Nikaenda. Kisha shangazi wa bwana harusi akaomba nimrudishe, wapambe wakaomba wazungushwe mjini, vijana wakaomba picha na mataa yakiwaka na baridi ikipuliza. Nilizunguka mchana kutwa kati ya michikichi na ziwa na honi ikilia. Watu waliniita patron. Mimi, dereva! Sikumrekebisha hata mmoja.

Jioni nilipoegesha, kipimo kilikuwa kimeshuka vibaya. Nikapanga kulijaza kabla Hadji hajagundua. Siku zikapita, vituo vikiwa vikavu, na Hadji akarudi.

Ninyi mnajua vile dereva anavyotazamwa wakati wa uhaba. Tangi likipungua bila safari, neno la kwanza ni kwamba dereva ameuza mazutu. Wako walioiuza, ndiyo. Mimi sikuwahi kunyonya hata chupa moja ya mazutu ya Hadji, na jina hilo safi nililibeba kama cheo. Ningeeleza vipi? Kukiri kwamba nililichukua gari kujionyesha kulinichoma zaidi ya wizi. Nikanyamaza.

Kisha Mama Rehema akaumwa tumbo. Alianza jioni, akasema ni maharage. Asubuhi tumbo lilikuwa gumu kama ubao na anatapika. Hospitali wakamtazama, wakamwekea dripu, daktari akasema anahitaji kupasuliwa na kwamba apelekwe Bujumbura bila kuchelewa. Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka na mgonjwa mwingine. Hadji akasema hatusubiri; tukampitisha nyumbani kwake kujiandaa kwa safari. Na barabara ya ziwa ilikuwa imefungwa: mvua iliporomosha mlima upande wa Gitaza, mawe na tope vikakaa katikati. Ilibaki njia ndefu ya juu, kupanda Bururi, kupita Matana, kisha kuteremkia Bujumbura.

Rehema, binti yao, ndiye aliyekuwa na mama yake. Alisema, "Tumulaze kwa pikapu, papa Sefu. Tuweke matela ya kulalia."

"Kwa mvua hii? Na mashimo yale? Kila shimo litamkata tumbo," nikamjibu. "Tulaze siti za Friji. Atalala kama nyumbani."

Kwa hilo sijilaumu. Ungemwona alivyokuwa akiuma kanga wakati tunamgeuza, nawe ungesema hivyo hivyo.

Hadji akanigeukia. "Mazutu inatosha mpaka Bujumbura kwa njia ya juu?"

Hapo ndipo penyewe, vijana. Swali lilikuwa jepesi, na jibu lilikuwa moja. Nilitakiwa kusema, haitoshi, Hadji, niliimaliza Kigwena. Angenitukana. Labda angenipiga. Kisha angetoka nje na kuomba, na mtu wa heshima kama yeye, mji huu ungempa.

Nikasema, "Inatosha, Hadji. Napasha gari moto tu."

Nikazungukia ghalani. Kulikuwa na bidoni moja ya mazutu ya pikapu, haijajaa. Nikaimimina. Haikufika popote. Kando yake yalikuwa mapipa ya mawese ya Hadji, mekundu, safi, yaliyotulia. Mvua ilikuwa imekatika, jua la asubuhi limeanza kupiga bati, mawese yakiwa mepesi kama maji. Nikachota, nikachuja kwa kitambaa kama Kalonda alivyonifundisha, nikamimina, nikachota tena. Kipimo kikapanda. Kipimo hakijui tofauti. Kisha nikaingia jikoni, nikajaza thermos maji ya moto, nikaificha chini ya siti yangu. Mnaona? Sikusahau baridi ya mlimani. Nilijua ninachokifanya, nikajiona fundi.

Tuliondoka. Mwanzoni lilikwenda vizuri kuliko nilivyostahili. Tulianza kupanda, ziwa likibaki nyuma yetu jeupe chini ya mawingu, na lile gari likivuta bila kelele. Hadji alikaa mbele na tasbihi. Rehema alikuwa nyuma, kichwa cha mama yake mapajani. Mama Rehema aliomba kioo kifunguliwe, baridi ya mashine ilikuwa inamtia kichefuchefu. Nikakifungua. Akavuta hewa, macho yamefumbwa.

"Nani anakaanga mandazi?" akauliza.

Rehema akacheka kidogo huku analia. "Hakuna mandazi huku, mama. Ni porini."

"Nayasikia. Sefu, simama uwanunulie watu mandazi. Hadji anakuwa mubaya akiwa na njaa."

Hadji akatabasamu. Mimi nilikaza macho barabarani. Harufu ilikuwa inatoka kwenye bomba letu la moshi.

Tulipokaribia juu, mvua ilirudi, nyembamba na ya baridi, na ukungu ukashuka mpaka kwenye migomba. Nilihisi gari likipoteza pumzi. Nikakanyaga, halikujibu. Taa ya manjano ikawaka, maandishi yakatokea, na gari likaanza kutambaa. Nililipeleka hivyo kona chache. Kisha likazimika, kwa heshima, bila hata mtetemeko.

"Lina nini?" Hadji akauliza.

"Linajilinda, Hadji. Kompyuta imeona kitu."

"Linajilinda na nini? Mgonjwa ni huyu huku nyuma."

Nilitoka na thermos chini ya koti. Nikafungua boneti. Nilikuta mfuniko mweusi wa plastiki, mzuri, umeandikwa. Nikaung'oa. Chini yake mabomba, nyaya, plastiki nyingine. Hakuna chujio. Hakuna pampu ya mkono. Nikalala chini kwenye tope, nikaona sahani ndefu ya plastiki imefunika tumbo lote la gari, imefungwa kwa skrubu zenye kichwa cha nyota. Mfukoni nilikuwa na spana za pikapu. Hakuna hata moja iliyoingia. Nilijaribu kuivunja sahani kwa mikono na kwa jeki, vidole vikachanika, ikapinda na kurudi mahali pake. Imetengenezwa vizuri. Nilikaa pale chini na thermos ya maji ya moto, chujio liko mahali fulani juu ya uso wangu, na sikuwa na mahali pa kuyamwaga.

Simu ya Rehema ilishika mtandao, ikakata, ikashika. Kila gari lililopita lilikuwa linateremka na limejaa. Mama Rehema aliacha kutania. Alikuwa akisema jina la mama yake mzazi.

Lori likatokea chini, linapanda polepole, limebeba chumvi na sabuni, linakwenda Matana. Dereva akasimama mwenyewe. Alikuwa kijana, kofia ya sufu.

"Amahoro, papa. Gari nzuri hivi, inalala barabarani?"

"Tuna mgonjwa," nikasema.

Hakuuliza zaidi kuhusu mgonjwa. Alimwambia tandiboi wake apande juu ya mzigo, akasafisha kiti. Wakati tunasogeza mambo akaniuliza pembeni, "Mazutu muliweka ya wapi?"

"Ya kituo," nikasema.

Akainama kwenye bomba la moshi, akapitisha kidole, akanusa. Akaniangalia. Alikuwa mtoto wa mlimani, alijua. Akafuta kidole kwenye suruali yake, akaenda kumbeba Mama Rehema.

Walimpakia kwenye kile kiti kigumu, Rehema amemkumbatia, Hadji amebanwa mlangoni. Kila mtikisiko niliokuwa nimemwepusha nao asubuhi, aliupata wote. Nilishika mlango nikitaka kupanda juu ya mzigo na tandiboi. Hadji akanizuia kwa mkono.

"Wewe kaa na gari lako," akasema.

Maisha yake yote aliliita gari langu siku hiyo tu.

Walifika Matana, wakapata gari jingine, wakafika Bujumbura jua likizama. Walimpasua. Utumbo ulikuwa umeshajisokota na kuoza sehemu kubwa. Aliishi siku chache, bila kuamka vizuri, akafa. Nimemuuliza daktari mmoja baadaye, nikijifanya nauliza habari za mtu mwingine. Aliniambia labda angepona kama angewahi, labda asingepona. Watu wema hunikumbusha lile labda la pili. Mimi naishi na la kwanza.

Gari lilikuja kubebwa kwa gari la kuvuta. Kule garajini walifungua chujio, wakalikuta limejaa kitu cha manjano kama sabuni, na sindano za injini zimeharibika. Fundi hakunipigia mimi. Alimpigia Hadji. Kwa hiyo Hadji alijua kabla ya mazishi, na mazishini alinishika mkono kama wengine na kupokea pole yangu.

Msibani alikuwepo mwenye mashine ya kukamua chikichi kule Kigwena, aliyenichezea ngoma kwenye ile harusi. Alikaa karibu yangu mkekani. Hakujua lolote. Alisema tu, kwa uchungu, "Nilisikia mulikosa mazutu. Mbona hamukunituma mutu? Mashine yangu ilikuwa na bidoni mbili zimejaa, zinangoja chikichi." Nikasema, "Tulikuwa na haraka." Akatikisa kichwa, akanimiminia chai.

Baada ya arubaini Hadji aliniita ghalani. Alisimama kati ya mapipa.

"Kwa nini hukuniambia haitoshi?"

"Niliona haya, Hadji."

"Haya ya nini?"

Nikamwambia yote, Kigwena, harusi, honi, patron. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja anifukuze, na kusema kweli nilitamani anifukuze.

"Kwa harusi," akasema. "Ungeniomba, si ningekupa hata siku mbili?"

Akatoka. Aliniacha kazini mpaka magoti yalipokataa. Gari lilitengenezwa, likauzwa, yeye mwenyewe hakulipanda tena. Tukarudi kwenye pikapu, na tulipokuwa njiani hatukuzungumza isipokuwa mambo ya mzigo.

Basi, kwa yule kijana aliyekaa kwenye ngazi yangu: ndiyo, ni gari zuri. Litakubebea mzee bila kumuumiza, litakusimamisha kabla ya mbuzi, litapita kwenye maji. Lakini ulale chini yake wiki ya kwanza kabla hujajifunza redio. Tafuta chujio lilipo, na ununue ufunguo wa nyota unaolifungua, ukae nao mfukoni. Ulinyweshe mazutu safi tu. Mambo ya kuchanganya tuliyofanya na malori yazikwe na malori. Matairi uyatazame kila asubuhi. Taa ya manjano ikiwaka, usiibembeleze. Tajiri akikuuliza inatosha, mpe kipimo kilivyo, hata kama jibu litakugharimu kazi. Kazi nyingine hupatikana. Mimi niliilinda yangu, nikaipata, na hii ndiyo faida niliyoiona.

Rehema ndiye anayesimamia biashara ya mawese sasa. Hadji amezeeka sana. Rehema alipoamua kuendesha mwenyewe alikuja kwangu nimfundishe. Nilidhani atataka kuanza na gia. Alifungua boneti ya pikapu, akasema, "Anza na mazutu, papa. Yote, hata yale mulikuwa munafanya kwa siri." Nilimfundisha mpaka akaweza kubadili chujio akiwa amefumba macho.

Juzi alipita kwangu akielekea Bururi na mzigo, wakati huu ambapo vituo vimekauka tena. Hakuzima injini. Nilitoka mpaka langoni, nikamuuliza kwa mazoea kama ana mazutu ya kutosha.

"Ilikuwa haitoshi," akasema. "Nimepita kwa majirani, nimeomba. Nyumba tatu tu, zile pale, papa. Wote wamenipa."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananijibu tu. Akaingiza gia, akaondoka, nami nikabaki nimeshika lango nikizitazama zile nyumba tatu. Zote zinaonekana ukisimama kwa Hadji. Siku ile ningezizunguka kwa miguu, bidoni mkononi, na ningerudi kabla Mama Rehema hajamaliza kufungwa kanga.